Matumbawe na vijimwani vyake: kwa nini mengine hustahimili joto linaloua mengine

Mwishoni mwa kaskazi, kati ya Machi na Aprili, upepo hulegea, jua huwa kali, na bahari ya pwani ya Kenya na Tanzania hufikia joto lake la juu kabisa la mwaka. Kwenye miamba mingi maji hufika nyuzijoto 29 au 30. Yakizidi hapo kwa nyuzijoto moja tu na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, matumbawe huanza kupauka. Rangi ya hudhurungi au ya kijani hutoweka, na mwamba hubaki mweupe kama uliopakwa chokaa.

Lakini ukifuata njia ya majahazi ya zamani hadi Ghuba ya Uajemi, ambayo Waarabu huiita Ghuba ya Uarabuni, utakuta matumbawe yanayopita kila kiangazi katika maji ya nyuzijoto 34 na zaidi. Mengine ni ya jamii zilezile zinazopatikana kwetu. Joto hilo lingeyaua matumbawe ya Malindi, Tanga au Mafia kwa muda mfupi.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Na je, ustahimilivu wa Ghuba unaweza kuletwa kwetu ukaokoa miamba inayotupatia samaki? Makala haya yanaeleza.

Tumbawe ni nini hasa?

Ukilishika, tumbawe ni jiwe. Lakini juu ya jiwe hilo kuna ngozi nyembamba iliyo hai, na ngozi hiyo ni wanyama wadogo wengi walioungana. Mmoja wao huitwa polipi. Ana mdomo mmoja uliozungukwa na vidole laini vya kukamatia chakula. Kila polipi hujijengea nyumba ya chokaa, na nyumba hizo zikirundikana juu ya nyingine kwa maelfu ya miaka ndipo tunapata mwamba. Mawe na chokaa vilivyojenga Lamu, Mombasa ya kale na Mji Mkongwe wa Zanzibar vilitokana na miamba ya namna hiyo.

Ndani ya mwili wa polipi mna mpangaji. Ni mwani, lakini si ule unaolimwa kwa kamba Paje au Kibuyuni. Huu ni mwani wa chembe mojamoja, mdogo kiasi kwamba hauonekani kwa macho. Katika makala haya tutauita vijimwani. Sehemu ya tumbawe yenye ukubwa wa ukucha wa kidole inaweza kubeba zaidi ya vijimwani milioni moja.

Wawili hawa hutegemeana. Tumbawe huvipa vijimwani mahali salama pa kukaa, pamoja na hewa ya kaboni na taka za mwili wake, ambazo kwa vijimwani ni mbolea. Vijimwani navyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, kama lifanyavyo jani la mhindi, kisha humpa mwenyeji sehemu kubwa ya sukari hiyo. Kwa matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi, chakula hicho kinaweza kufikia asilimia 90 ya nguvu yanayohitaji. Sehemu kubwa ya rangi ya tumbawe pia ni rangi ya vijimwani.

Kupauka si kufa, lakini ni njaa

Maji yakipata joto kupita kiasi na jua likiwa kali, kazi ya vijimwani ya kutengeneza sukari huharibika. Badala ya kutoa chakula tu, huanza kutoa oksijeni ya aina kali inayounguza chembe za mwili wa mwenyeji. Mpangaji mwema amegeuka kuwa mwenye madhara, na tumbawe humtoa nje. Ngozi yake hubaki bila rangi, na kwa kuwa ni nyembamba sana, jiwe jeupe lililo chini huonekana.

Tumbawe lililopauka bado liko hai, ila lina njaa. Joto likishuka mapema, vijimwani vichache vilivyobaki huongezeka, au vingine huingia kutoka kwenye maji, na rangi hurudi. Joto likidumu, polipi hufa. Kisha mwani wa kawaida, ule wa manyoya na wa majani, hufunika jiwe, na baada ya miaka michache mawimbi hulivunja.

Kiasi cha joto kinacholeta kupauka hakilingani kila mahali. Taasisi ya Marekani inayofuatilia bahari na hali ya hewa, NOAA, hutumia setilaiti kutoa tahadhari kwa miamba ya dunia nzima. Haitumii namba moja kwa bahari zote. Kwa kila eneo huchukua wastani wa mwezi wenye joto zaidi mahali hapo, kisha huongeza nyuzijoto 1. Hapo ndipo hatari huanza kuhesabiwa. Maana yake ni kwamba matumbawe ya kila mahali yamezoea kiangazi cha kwao, na huishi karibu sana na mpaka wa uwezo wao.

Njia tatu za kuzoea joto

Matumbawe na vijimwani vyake wana njia tatu kuu za kuyazoea mazingira, na zote zina gharama.

Njia ya kwanza ni mwili wenyewe kujizoeza. Mfano unaojulikana sana unatoka kisiwa cha Ofu, Samoa ya Marekani, katika Bahari ya Pasifiki. Hapo kuna madimbwi mawili ya bahari yaliyo jirani. Maji yakipwa mchana, dimbwi moja hupata joto la nyuzi 34 na zaidi kwa saa chache, na lingine halipandi sana. Matumbawe ya dimbwi la kwanza ni magumu zaidi. Mwaka 2014 kundi la watafiti likiongozwa na Stephen Palumbi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilitangaza matokeo ya kuhamisha vipande vya tumbawe la aina moja kati ya madimbwi hayo. Vipande vilivyotoka kwenye dimbwi la wastani viliongeza ustahimilivu wao ndani ya miaka miwili, lakini vilifika takriban nusu tu ya uwezo wa wenyeji wa dimbwi la moto. Nusu iliyobaki ilikuwa ya kurithi. Ni kama mtu wa bara anayehamia pwani: atalizoea joto kwa kiasi, lakini hatakuwa sawa na aliyezaliwa hapo, wa ukoo ulioishi hapo karne nyingi.

Njia ya pili ni kubadili vijimwani. Vijimwani si vya aina moja. Mwaka 2018 wanasayansi waligawa upya ukoo wake na kupata jenasi kadhaa, zikiwemo Cladocopium na Durusdinium. Baadhi ya vijimwani vya Durusdinium hustahimili joto kuliko wengine. Katika miamba ya Australia, watafiti waligundua kwamba matumbawe yaliyopauka kisha yakapata nguvu tena kwa kubeba vijimwani hivyo yaliongeza ustahimilivu wa nyuzijoto 1 hadi 1.5. Gharama yake ni kwamba vijimwani hivyo mara nyingi humpa mwenyeji chakula kidogo zaidi, na tumbawe hukua polepole. Isitoshe, si kila tumbawe linaweza kubadili mpangaji. Mengine hupokea vijimwani kutoka kwenye maji kila kizazi, na mengine hupewa na mama tangu yakiwa mayai.

Njia ya tatu ni ya vizazi. Joto linapoua matumbawe dhaifu, yanayobaki ndiyo yanayozaa, na watoto hurithi uwezo wa wazazi. Hapa mwendo wa wawili hawa unatofautiana sana. Vijimwani hugawanyika na kuongezeka ndani ya siku au wiki chache, kwa hiyo vinaweza kubadilika haraka. Tumbawe huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Bahari ikipashwa joto upesi kuliko mwendo huo, mnyama huachwa nyuma.

Kisa cha Ghuba

Ghuba ya Uajemi ni bahari ya kina kifupi, iliyozungukwa na jangwa. Kiangazi, maji ya upande wa kusini, pwani ya Falme za Kiarabu, hupita nyuzijoto 34. Majira ya baridi hushuka chini ya nyuzijoto 20. Kwa sababu ya jua na upungufu wa mito, maji hukauka kwa wingi na chumvi hubaki. Lita moja ya maji ya bahari kuu ina takriban gramu 35 za chumvi, na ya Ghuba huwa na 40 na zaidi.

Bahari hiyo pia ni changa. Wakati wa kipindi cha barafu kilichopita, maji ya dunia yalikuwa chini sana na eneo lote hilo lilikuwa nchi kavu. Maji yalianza kuingia takriban miaka 14,000 iliyopita, na pwani ya sasa ina umri wa karibu miaka 6,000. Kwa hiyo matumbawe yote yaliyomo yalihamia kutoka Bahari ya Hindi, na ugumu wake umejengwa ndani ya muda huo.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na wenzao wa Chuo Kikuu cha New York tawi la Abu Dhabi, walieleza aina ya kijimwani ambayo hapo awali haikuwa imetambuliwa. Waliipa jina Symbiodinium thermophilum, yaani mpenda joto, na leo imewekwa katika jenasi ya Cladocopium. Ndicho kijimwani kikuu ndani ya matumbawe mengi ya kusini mwa Ghuba, kiangazi na majira ya baridi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ndugu zake wapo kwa uchache nje ya Ghuba, hata katika Ghuba ya Oman na Bahari ya Shamu. Aina hiyo haikuzuka kutoka hewani. Ilikuwa imo tangu zamani katika idadi ndogo, na mazingira makali ya Ghuba yakaipa nafasi ya kutawala.

Je, tuvilete kwetu?

Hili ndilo swali ambalo mtu yeyote wa pwani angeuliza. Kama kijimwani hiki kinashinda joto la Ghuba, kwa nini kisipelekwe Watamu au Mnemba?

Jibu la watafiti hao hao lilikuwa la kushangaza. Walipoyaweka matumbawe ya Ghuba pamoja na vijimwani vyake katika maji yenye chumvi ya kiwango cha bahari ya kawaida, ule ustahimilivu wa pekee wa joto ulipotea. Ugumu wake dhidi ya joto umefungamana na chumvi nyingi. Alizoea mambo mawili kwa pamoja, na ukiondoa moja, la pili halisimami.

Mkulima ataelewa upesi. Mbegu ya mahindi inayotoa magunia mengi katika baridi ya nyanda za juu, ukiipanda kwenye joto la pwani, huenda isikupe kitu. Mbegu si mbaya, ila imefundishwa na udongo na hewa nyingine.

Habari si mbaya zote. Sehemu ya ugumu wa Ghuba imo katika mnyama mwenyewe, si katika kijimwani peke yake. Watafiti walipoyarutubisha mayai ya matumbawe ya Bahari ya Hindi kwa mbegu za kiume za matumbawe ya Ghuba, mabuu waliozaliwa walistahimili joto vizuri kuliko wale wa wazazi wa Bahari ya Hindi pekee. Lakini mabuu kunusurika katika maji ya maabara ni hatua ya mwanzo. Mwamba hujengwa na matumbawe yaliyokomaa, yanayoishi na magonjwa, mikondo na majirani wa bahari ile. Pia kusafirisha matumbawe hai kutoka nchi moja hadi nyingine kunahitaji kibali chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kunaweza kuleta magonjwa mapya.

Na hata Ghuba ina mpaka wake. Mwaka 2017 joto lilizidi kiasi ambacho hata matumbawe hayo yalikuwa yameyazoea, na karibu theluthi mbili ya matumbawe yaliyochunguzwa kusini mwa Ghuba yalikufa. Ghuba pia ina aina chache za matumbawe, ilhali pwani ya Afrika Mashariki ina aina zaidi ya 200. Joto kali liliyachuja, na mengi hayakupita kwenye chujio.

Pwani yetu imejifunza nini?

Mwaka 1998, bahari ilipopashwa joto na El Niño, maeneo mengi ya pwani ya Kenya yalipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai, na Tanzania nayo iliumia vibaya. Kupauka kulirudi mwaka 2016, na tena 2024.

Hasara haikuwa sawa kila mahali. Matumbawe ya matawi, yaliyo kama pembe za swala, hufa kwa wingi. Yale ya mviringo yaliyo kama majabali, hasa ya jenasi ya Porites, mara nyingi hubaki. Mahali napo huhesabika. Kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, upande wa Shimoni na Pemba, kuna mifereji yenye kina kirefu, na maji baridi yanayotoka huko huipoza miamba ya karibu. Watafiti wameitaja sehemu hiyo kuwa kimbilio, mahali ambapo matumbawe yanaweza kupona wakati mengine yanakufa.

Kwa hiyo tuna hazina za aina mbili. Kuna matumbawe yaliyookolewa na maji ya baridi, na kuna yaliyopitia joto na kubaki. Haya ya pili ndiyo yanayobeba, ndani ya mwili na ndani ya vijimwani, mazoea ya bahari yetu: chumvi yake, mwanga wake, kusi na kaskazi yake. Hakuna maabara iliyo na mbegu inayolingana nayo.

Kijiji kinaweza kufanya nini?

Joto la bahari haliwezi kushushwa na kijiji kimoja. Lakini tumbawe linalopambana na joto likiwa pia limezibwa na tope, limevunjwa na nanga na limezidiwa na uchafu hushindwa mapema. Mizigo hiyo mingine iko mikononi mwa wenyeji.

Linda yaliyobaki. Wakati wa kupauka, mvuvi au mwanamke anayekwenda pweza ataona tumbawe lenye rangi yake kamili katikati ya meupe. Weka alama ya mahali hapo, piga picha kwa simu, na upeleke taarifa kwa kikundi cha usimamizi wa fukwe, BMU, au kamati ya wavuvi ya shehia. Mahali hapo ndipo pa kwanza kuzuiwa nanga, juya la kukokota na kupigapiga mwamba kwa miti. Mabomu ya uvuvi yanaua kwa sekunde moja tumbawe lililochukua miaka mingi kuzoea.

Waachie pono na tasi nafasi. Samaki hawa hula mwani wa kawaida unaofunika mawe. Wakiisha, mtoto wa tumbawe hapati jiwe safi la kushika. Katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, mwamba umehifadhiwa tangu 1994. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao, na mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Zuia maji machafu. Maji ya vyoo na mbolea ya mashamba vinapofika baharini huongeza nitrojeni. Utafiti umeonyesha kwamba nitrojeni nyingi isiyo na fosforasi ya kutosha huvidhoofisha vijimwani, na tumbawe hupauka kwa joto ambalo lingelistahimili.

Ukipanda, panda ya kwenu. Vikundi vingi vya pwani sasa hupanda vipande vya matumbawe. Kwanza pata kibali cha idara inayohusika. Kisha chagua vipande kutoka kwa matumbawe ya karibu yaliyopitia joto na kubaki. Usivichukue vyote kwenye tumbawe moja, kwa sababu vipande vya mzazi mmoja vina udhaifu uleule na vinaweza kufa pamoja. Usipande wakati wa joto la Machi na Aprili.

Kwa kifupi

Tumbawe ni mnyama anayelishwa na vijimwani anaowabeba. Wawili hawa huzoea joto kwa mwili kujizoeza, kwa kubadili vijimwani, na kwa kurithishana uwezo kutoka kizazi hadi kizazi. Mazoea hayo ni ya mahali, kama matumbawe ya Ghuba yanavyoonyesha: ugumu wao unaegemea chumvi ya kwao. Kwa pwani yetu, tumbawe la kutegemewa ni lile lililobaki hai baada ya 1998, 2016 na 2024. Likivunjwa leo kwa nanga, uwezo lililoupata kwa miaka hiyo yote unapotea nalo.